Usizisugue, Masudi

Cheyo, Tabora
12 Novemba

Ndugu yangu Masudi,

Asalaam aleikum. Picha za sarafu za bibi nimezipata, na tangu jana jioni nazitazama. Poleni tena kwa msiba. Kwamba marehemu alizitunza miaka yote hiyo chini ya kanga zake, na wala hakuziuza wakati wa shida, ni jambo la kumshukuru.

Nakuandikia haraka kwa sababu umesema utazisafisha kabla ya kuzipeleka kupimwa ubora Marekani. Nakuomba usizisugue. Ndimu, majivu, dawa ya meno, vyote weka mbali. Mwaka wangu wa kwanza wa kukusanya nilipata rupia ya Mjerumani imekuwa nyeusi, nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikameta. Mnunuzi aliigeuza mara moja tu chini ya taa, akanilipa bei ya fedha kwa uzito, kama anayenunua bangili iliyovunjika. Bado inaniuma.

Sasa tuje kwenye zako. Ile ya shaba ya njano, ya heller 20, umeidharau. Unasema imechakaa kwa sababu herufi za HELLER zimefifia upande mmoja. Masudi, hiyo ilizaliwa hapa hapa Tabora! Tazama herufi T. Wakati wa vita Waingereza walifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena, ndipo mwaka 1916 Wajerumani wakazipiga wenyewe katika karakana ya reli, reli hii hii iliyofika kwenu Kigoma mwaka 1914. Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule wa 1916 Wabelgiji wakaingia mjini. Kwa hiyo ni kazi ya haraka, ya watu waliokuwa na mashine za kutengenezea mabehewa. Na neno letu hela lilitoka kwenye heller hizo za Mjerumani. Kila ninapoishika moja nasikia fahari.

Kufifia kwake kunaweza kuwa kwa kuzaliwa. Sarafu inapogongwa, madini hutakiwa kupanda yajaze mashimo ya muhuri, yaani kile chuma kilichochongwa picha. Nguvu ya kugonga ikiwa ndogo, au kipande chenyewe chembamba, mashimo yenye kina hayajai, na picha hutoka na upungufu kabla haijaguswa na mkono wa mtu. Uchakavu ni mwingine: huanza juu kabisa, kwenye vilele vya picha, na huacha pale pamelainika na rangi imegeuka, pamefifia kuliko bondeni. Ichukue kwa ncha za vidole kwenye ukingo, ikae chini ya taa moja, uizungushe polepole. Kama kwenye herufi zile hafifu bado mng'ao unapita sawa na sehemu nyingine, hapo haikuliwa na mikono. Kisha ipindue. Fikiri kwamba unapitisha msumari kwenye herufi hizo utokee upande wa pili: palipotokea msumari nako pakiwa hafifu, basi kosa ni la mashine. Katika picha yako naona taji limefifia mahali hapo hapo. Ndiyo maana moyo wangu unadunda.

Angalia pia kama taji ni kubwa au dogo, na ncha za herufi L mbili kama zimejikunja au zimechongoka. Mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja, na wakusanyaji huzitenga kwa alama hizo.

Ile rupia ya fedha yenye kichwa cha Kaisari wa Ujerumani ndiyo inayonitia wasiwasi. Kijana wako amesema ni prufu kwa kuwa inang'aa kama kioo. Prufu ni namna ya kupiga, wala haihusiani na usafi: muhuri hung'arishwa, sarafu hugongwa zaidi ya mara moja, ukingo hutoka mkali wenye kona, na kila unywele huonekana. Prufu iliyokaa mfukoni miaka kumi bado ni prufu, ila imechakaa. Sarafu ya kawaida nayo, hata ikisuguliwa mwaka mzima, haitakuwa prufu. Katika picha yako naona kingo zimelegea kwa mviringo, na mikwaruzo myembamba inakwenda upande mmoja kama nyuzi za ufagio. Mng'ao wa asili hutembea ukiizungusha, kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Huu wako umesimama. Tazama shavu, sharubu, na kifua cha yule tai juu ya kofia. Hapo ndipo rupia hizi hulika kwanza. Naona tayari kuna mtu aliyetangulia kuisugua.

Wapimaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70. Kuanzia 60 ni ile ambayo haikupita mikononi. Iliyosuguliwa hainyimwi lile kasha la plastiki wanalofungia sarafu, lakini haipewi namba: huandikiwa kwamba imesafishwa. Gharama ya kutuma na kupima ni ile ile, kwa hiyo rupia hii isitumwe kabla hatujaitazama vizuri. Ya heller ndiyo naipigania.

Kwa sasa zifunge moja moja kwenye karatasi kavu, ziwe mbali na mifuko ya plastiki laini, ile inayoacha utando wa kijani. Halafu panda treni uje. Mimi nina kikuza na taa, na sonara wa jirani atatuazima mizani yake, maana rupia halali ni gramu 11.66, na zipo za kughushi.

Nisalimie mama na watoto. Dagaa nikiletewa sitakataa.

Ndugu yako,
Idi