Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Vikundi vya Tafakari

Tumsifu Yesu Kristo.

Wapendwa wanajumuiya, shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia haraka. Kampeni ya Kwaresima tuliikamilisha, Rozari ya Oktoba ilizunguka nyumba kwa nyumba, wagonjwa walitembelewa, na kila kikundi kilihudumu Misa kwa zamu yake. Semina ya wawezeshaji ilichukua Jumamosi mbili. Asanteni akina mama na vijana mliopika.

Sasa niingie kwenye jambo lililozungumzwa mwaka mzima nje ya kanisa bila kuletwa mbele ya kamati: uamuzi wa kugawa vikundi ili kimoja kisizidi watu 10. Nimesikia ikisemwa kwamba mwenyekiti amevunja jumuiya, tena ameamua peke yake. Kumbukumbu za kikao zipo, kamati iliridhia, na paroko alijulishwa kabla ya tangazo. Hata hivyo, pendekezo lilikuwa langu. Silikani, na nitalieleza.

Tunafuata hatua saba za kushirikishana Injili zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Mkutano wetu ni dakika 90, maana watu wanatoka kazini wamechoka na watoto wanangoja chakula. Kumwalika Bwana na kusoma Injili huchukua dakika 10. Kurudia maneno yaliyotugusa ni 10, kimya cha pamoja 5, kujadili kazi tunayoitiwa 15, sala za hiari na wimbo wa mwisho 10. Hizo ni 50. Zinabaki 40 za hatua ya tano, ambapo kila mmoja husema kilichomgusa moyoni. Mpe mtu dakika tatu za kusema na moja ya kimya baada yake, basi 40 zinatosha watu 10. Kikundi chetu kikubwa kilikuwa na watu 23. Hatua hiyo peke yake ingehitaji dakika 92.

Kwa hiyo ilikuwaje? Walisema watu sita au saba, wale wale kila wiki, na wengine wakawa wasikilizaji wa kudumu. Hatua ya tatu nayo iliharibika. Mtu akiguswa na neno moja, tuseme "mizigo", anapaswa kulitamka polepole mara tatu, akinyamaza kidogo kila baada ya kulitamka ili lizame. Katika umati lilitamkwa mara moja tu, upesi, na mwingine akadakia la kwake. Kimya cha dakika tano hakikufika hata mbili. Daima kulikuwa na mtu wa kuanzisha wimbo, akidhani mwezeshaji amesahau.

Kuna na suala la nyumba, ambalo waliolalamika hawakulitaja. Watu 23 hawaenei kwenye bedsita ya mtaa wa Pipeline, chumba kimoja cha kulala na kukaa. Wengine walikaa koridoni na kwenye ngazi, na maji ya mfereji wa jirani yakifunguliwa hawakusikia kitu. Mkutano ukawa unafanyika kwa wenye sebule kubwa tu. Watu wanane wanatosha: wanne kitandani, wanne kwenye viti vya kuazima. Tangu tugawanyike, wanachama ambao hawakuwahi kukaribisha jumuiya wamekaribisha. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana hapa Nairobi mwaka 1973 na kuzipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele, neno "ndogo" halikuwekwa kama pambo.

Nakubali kwamba mgawanyo ulitenganisha marafiki wa miaka mingi. Hilo linauma, na tungetoa notisi ndefu kuliko wiki mbili. Lakini sitarudisha vikundi vilivyokuwa.

Wawezeshaji, bado kuna makosa. Hatua ya tano si mahubiri wala ushauri. Mwenzako akisema ana deni la kodi, usimjibu, usimwambie "hata mimi". Nyamaza pumzi tatu, kisha useme la kwako kwa "mimi", si "watu wanafaa". Mwezeshaji aseme mwisho. Somo lisizidi aya 15. Anayechelewa akae karibu na mlango hadi kimya kiishe. Na kilichosemwa ndani kibaki ndani: mwaka huu neno la mwanachama lilisambazwa WhatsApp, likamrudia mwenyewe, naye hajaonekana tena. Jambo hilo linaninyima usingizi kuliko deni lolote.

Mahudhurio yanasikitisha. Tuna wanachama 131 katika vikundi 14, na Aprili, mvua ikinyesha na nauli ikipanda, vikundi vitano vilikaa na watu chini ya wanne. Hapo kushirikishana kunakufa, kila mmoja anahisi anahojiwa. Mvua naielewa. Juni na Julai haikunyesha, na bado hamkuja.

Ada ni shilingi 100 kwa mwezi. Tulitarajia 157,200, tukapata 84,450. Waliokamilisha ni 58 tu. Matumizi ni 81,900: semina 38,500, nakala za masomo na mishumaa 21,400, viti 22,000. Salio ni 2,550. Mara tatu nililipia nakala kutoka mfukoni mwangu, na sijadai. Wanaouliza pesa zinaenda wapi waje waone risiti kwa mweka hazina. Wengi wao hawamo katika wale 58.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatumaini kuwa na mafungo ya siku moja mahali patulivu nje ya mji, na pengine kikundi cha vijana wanaofanya kazi zamu za usiku. Tutaona hali itakavyoruhusu.

Makatibu ambao hawajarudisha rejesta, vikundi vinne, mzilete Jumapili baada ya Misa ya pili. Nitakuwa mlangoni.

Mwenyekiti