Sili ya Bei Ndogo, Ufundi wa Siku Mbili

Msimu huu wa masika, magari ya utalii yanapopumzika na kuingia gereji, wateja watatu wametuuliza swali lile lile, na mmoja wao aliondoka akiamini kwamba tumemwibia: inakuwaje sili ya ekseli ya mbele ya Land Cruiser HZJ75, inayouzwa dukani kwa fedha kidogo, idai ufundi wa siku mbili?

Sili hiyo imekaa ndani kabisa ya lile tufe la chuma lililo nyuma ya tairi, nayo hutenganisha oili ya difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa matairi, na grisi inayolainisha jointi ya ekseli. Ili kuifikia, fundi hutoa tairi, kalipa ya breki, habu pamoja na diski yake, beringi, spindo, na mwisho ekseli yenyewe. Baada ya kuosha kila kitu tunakagua jointi, tunashindilia beringi grisi mpya kwa kiganja, kisha tunapima kwa mizani ya springi ugumu wa kingipini, ile pini ambayo tairi hugeukia unapokata kona, kugeuka kabla ya kuamua unene wa shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kujaza nafasi. Hatua hii ya mwisho ndiyo ambayo mafundi wa bei nafuu huiruka, ilhali kingipini ikilegea, ekseli hukaa upande na kuila sili mpya.

Wapo wanaofuta uvujaji kwa kitambaa chenye dizeli, wakaongeza oili namba 90 kwenye difu na kusukuma grisi zaidi ndani ya tufe. Oili ikishaingia kwenye grisi, mchanganyiko huwa mwepesi kama uji wa mgonjwa, hauishiki jointi tena, na ule unaotoka nje hunasa vumbi ambalo huisaga sili ya nje kama msasa. Gari moja lililofanyiwa hivyo kwa misimu miwili lilivutwa hadi kwetu kutoka barabara ya Ngorongoro, jointi ya kushoto ikiwa imepasuka. Mwenyewe alinunua jointi, ekseli na beringi za pande zote mbili; katika risiti ile ndefu, sili aliyoikwepa ndiyo iliyokuwa na bei ndogo kuliko vyote.

Kosa letu nasi tulikiri. Mteja mmoja alirudi baada ya wiki tatu, sili zote mbili zikivuja, akasema tumemuuzia spea feki. Sili zilikuwa halisi, ila kipumulio cha difu, kitundu cha kutolea hewa, kilizibwa na tope, hivyo hewa iliyopata moto ndani ilikosa pa kutokea ikaisukuma oili kupitia kwenye sili. Tulipaswa kukiangalia siku ya kwanza, kwa hiyo tulirudia kazi bila malipo, na tangu hapo kipumulio hufunguliwa kabla ya kugusa boliti yoyote ya tairi.

Magari yanayopita mitoni tunayaongezea mpira wa kipumulio unaopanda hadi sehemu ya injini, kwa sababu difu lenye moto likizama katika maji baridi huvuta maji ndani, na oili hutoka ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mpira huo hauna gharama kubwa. Spea ulizonunua mwenyewe tutazifunga ukitaka, lakini dhamana yetu itahusu ufundi tu, na bei tutakuandikia kabla ya kufungua chochote.