Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi: Seli ya Mmea Inajuaje Juu ni Wapi

Mheshimiwa mgeni rasmi, afisa kilimo wetu wa wilaya, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa, shikamooni.

Tunashukuru sana umefika maana tunajua msimu huu wa mvua hata kukaa ofisini hupati nafasi. Utuvumilie tu, risala yetu haitaanza na madawati, itaanza na muhogo.

Mheshimiwa, wewe ndiye unayewaambia wakulima pingili ya muhogo ichomekwe macho yakitazama juu. Sisi tukauliza, kwani kipande cha mti kilichokatwa huku na huku kina juu na chini kweli? Kumbe swali la zamani hilo. Mwaka 1878 Mjerumani Hermann Vöchting alieleza jinsi alivyoning'iniza vipande vya mti wa willow kichwa chini kwenye unyevu, na mizizi ikatoka kwenye ncha ileile iliyokuwa chini mtini, ingawa sasa ilikuwa inaangalia juu, machipukizi nayo yakatoka ncha ya pili. Yaani kipande kimegeuzwa lakini seli zenyewe hazijageuka.

Siri kubwa iko kwenye homoni ya oksini, ambayo hutengenezwa kwa wingi kwenye majani machanga na vichipukizi. Kwenye ukuta wa seli kuna uasidi kidogo, pH (kipimo cha uasidi) kama 5.5, ndani ni kama 7, sasa oksini ikiwa nje kiasi chake fulani hakina chaji ya umeme kwa hiyo kinapenya utando unaoizunguka seli bila shida, kikishaingia kinapata chaji na kutoka ndio balaa, mpaka ipatikane protini inayoitwa PIN, hiyo ndiyo mlango. Na utamu uko hapa: kwenye shina milango hiyo imekaa upande wa chini wa seli, jambo ambalo mwaka 1998 watafiti walilionyesha kwenye mmea mdogo wa Arabidopsis. Kila seli inatoa chini, jirani anapokea naye anatoa chini. Wenzetu wengine walibisha kweli, wakasema ni mvutano wa dunia tu unashusha, lakini hata kipande cha shina kikigeuzwa oksini inaendelea kwenda kule mizizi ilikokuwa, hapo ubishi ukaisha.

Ikifika kwenye seli za shina, oksini inaamsha pampu zinazomwaga asidi ukutani, ukuta unalegea, maji ya ndani yanasukuma na seli inakua. Sasa kwa nini inarefuka badala ya kunenepa? Chukua puto ulizungushie kamba kama mikanda ya kiunoni, mmoja juu ya mwingine, kutoka juu mpaka chini, ukipuliza litakwenda wapi kama si kurefuka? Kamba hizo kwenye mmea ni nyuzi za selulosi, na zinapangwa kwa kufuata maikrotubuli, yaani vijirija vidogo sana vya protini vilivyoko ndani ya seli karibu na utando. Dawa ya kolkisini ikizivuruga maikrotubuli, seli inavimba tu ovyo.

Pale nje utaona mahindi tuliyootesha ndani ya boksi lenye tundu moja, yote yamelalia kwenye tundu. Charles Darwin na mwanae Francis waliandika mwaka 1880 kwamba ukifunika ncha ya mche wa nyasi haupindi, ingawa panapopinda ni chini ya ncha. Baadaye ikajulikana oksini inahamia upande wa kivuli, huko seli zinarefuka zaidi, mche unainamia mwanga. Kwenye mzizi mambo yanageuka maana oksini ikizidi inazuia kurefuka, ndio maana mche ukilazwa, chembe nzito za wanga kwenye ncha ya mzizi zinaangukia upande wa chini, oksini inajaa huko, na mzizi unapinda kwenda ardhini.

Changamoto yetu Mheshimiwa ni moja tu kubwa. Haya ya seli tunayasoma na kuyachora, kuyaona hatuyaoni, hadubini iliyopo lenzi ina ukungu na hata ganda la kitunguu linaonekana kama moshi. Tunaomba hadubini moja nzima, hata iliyotumika sisi hatuna neno. Na kama shamba darasa la wilaya lina pingili za kutosha tugawie kidogo, tupande nusu sawasawa na nusu kichwa chini, halafu ofisi yako ije ikague mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.