Nembo mpya haitajaza ukumbi

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Nimekuwa katibu wa chama kwa miaka mingi, na kila uongozi mpya ukiingia, kazi ya kwanza ni ile ile: nembo mpya, kaulimbiu mpya, fulana mpya. Fulana zikishagawiwa, mahudhurio hayabadiliki.

Alama haziokotwi hewani. Msalaba mwekundu ulikubaliwa Geneva mwaka 1864 kwa sababu waliokuwa wakihudumia majeruhi vitani walihitaji kitu cha kuonekana kwa mbali ili wasipigwe. Uzuri haukuwa hoja; rangi za bendera ya Uswisi ziligeuzwa tu, basi. Rotary, klabu ya huduma kwa jamii iliyoanza Chicago mwaka 1905, ilipata jina lake kutokana na zamu: leo wanakutana ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Na skafu ya skauti, mtu akivunjika mkono, hufunguliwa shingoni ikamfunga.

Nitaambiwa kwamba mila nazo hutungwa. Kweli. Mbio za mwenge wa Olimpiki, ambazo wengi hudhani ni za Wagiriki wa kale, zilibuniwa kwa michezo ya Berlin ya mwaka 1936, chini ya Hitler, na kwa kujionyesha. Hata hivyo zimedumu. Kwa maoni yangu ni kwa sababu mwenge una kazi: lazima mtu aushike, akimbie, amwashie mwenzake. Fulana kazi yake ni kufuliwa.

Kwetu, desturi iliyoshika haikupitishwa na kamati yoyote. Mwanachama mgeni, katika mkutano wake wa kwanza, hukabidhiwa daftari la mahudhurio asome majina yote kwa sauti. Anakosea, watu wanacheka, mwenye jina anasimama na kumsahihisha. (Kuna mzee mmoja husahihisha hata aliyepatia.) Akifika mwisho wa orodha anaandika jina lake, analisoma, na ukumbi mzima unaitikia. Mkutano ukiisha, mgeni huyo hakosi wa kuondoka naye akipiga soga.

Sasa uongozi umeifuta desturi hiyo. Inakula muda, wanasema, na dakika hizo zinatakiwa kwa ajili ya kutambulisha nembo mpya. Nilipinga kikaoni nikashindwa kwa kura, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Katibu wa chama