Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Darasa la Wenye Dimensia Linaloongozwa na Wenye Dimensia

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za mwaka uliokwisha. Kama wengi wenu mjuavyo, mimi mwenyewe naishi na ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina mojawapo ya dimensia, kwa hiyo taarifa hii imeandikwa kidogo kidogo kwa siku nyingi, katibu akinisomea kila aya niliyoimaliza kabla sijaanza nyingine. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu darasa letu nalo huenda kwa mwendo huohuo.

Darasa hilo, la watu waliokwisha kuambiwa na daktari kuwa wana dimensia, yaani maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na fikra, ndilo lililochukua nguvu zetu nyingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu karibu milioni 10 hupata dimensia kila mwaka. Wengi wetu tulitoka kliniki na jina la ugonjwa, cheti cha dawa na tarehe ya kurudi, basi. Mimi niliambiwa niandike wosia na nipumzike. Kate Swaffer, mwanaharakati wa Australia anayeishi na dimensia, amelipa jina jambo hili: ni kuandikiwa kujitenga na maisha kana kwamba ndiyo tiba. Mtu huondolewa kwa siku moja yale asiyoyaweza pamoja na yale anayoyaweza bado, na wanaomwondolea ni ndugu zake, tena kwa mapenzi.

Vipindi vilifanyika mara moja kwa wiki kwa wiki 8, wawezeshaji wawili wakiwa watu wenye dimensia, na mtu mmoja asiye na ugonjwa akishughulikia viti na saa tu. Hatukubuni jambo jipya. Huko Scotland, Scottish Dementia Working Group, kikundi kinachoongozwa na wenye dimensia wenyewe, kipo tangu mwaka 2002, na Dementia Alliance International, iliyoanzishwa mwaka 2014, haina wanachama wengine ila waliokwisha kuthibitishwa kuwa na ugonjwa huu.

Kipindi cha kwanza kilieleza kuwa dimensia si ugonjwa mmoja: Alzheimer huchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa, na zilizobaki ni pamoja na ile ya mishipa ya damu na ile ya Lewy, inayotokana na chembe za protini zinazojikusanya kwenye ubongo, ambayo mara nyingi humfanya mtu aone vitu visivyokuwapo. Mwenzetu mmoja alisema kuwa kila jioni huwaona watoto wamekaa pembeni mwa chumba, na kwamba hajawahi kulisema kwa kuogopa kuitwa mwendawazimu. Mwezeshaji, ambaye naye ana ya Lewy, alimwuliza kama watoto wake huvaa viatu, maana wa kwake huja pekupeku. Darasa zima lilicheka, na aliyesema alicheka kuliko wote. Daktari angeweza kueleza chanzo cha maono hayo vizuri kuliko sisi, lakini swali lile lisingemjia.

Wapo walioniuliza kama mtu mwenye dimensia anaweza kujifunza kitu kipya. Anaweza, ila kwa njia nyingine. Kumbukumbu ya matukio, yaani nani alikuja jana na alisema nini, hudhoofika mapema. Kumbukumbu ya mikono na mazoea hudumu zaidi. Kwa hiyo jambo moja hurudiwa baada ya muda mfupi, kisha muda mrefu zaidi, na mwanafunzi haachwi abahatishe, kwa sababu jibu la makosa huweza kukaa kichwani na kulifukuza la kweli. Mshiriki mmoja alijifunza hivyo kutumia kengele ya simu kwa ajili ya dawa zake. Mwingine alitueleza kwa nini alikuwa hapiti mlangoni kwake: zulia jeusi lililotandikwa pale lilionekana kwake kama shimo. Nyumbani walikuwa wakimwita mkaidi. Zulia lilipoondolewa, alipita.

Kosa letu kubwa lilikuwa kijitabu cha masomo, kirefu na chenye maandishi madogo, ambacho mimi mwenyewe nilikipitisha. Hakuna aliyekisoma hadi mwisho, hata mimi. Sasa kila kipindi kina ukurasa mmoja.

Lililoleta mvutano ni uamuzi wa kamati kuwaomba walezi wakae chumba kingine. Baadhi yao waliona wamefukuzwa, na malalamiko yao tumeyapokea kwa maandishi. Naheshimu uchungu wao. Hata hivyo, katika kipindi ambacho walezi waliketi nasi, kila swali lililoulizwa kwa mgonjwa lilijibiwa na mlezi, na wagonjwa wakawa wanatazama sakafu. Aliyepungukiwa na maneno ataendelea kuruhusiwa msaidizi, akimtaka yeye mwenyewe. Kwa wengine, uamuzi unabaki.

Hesabu zitasomwa na mweka hazina, nami sina la kuongeza.

Sitaki mtu aondoke akidhani kuwa darasa linazuia ugonjwa. Washiriki wawili hawakuweza kumaliza, na mmoja wa wawezeshaji wa mwanzo ameomba kupumzika kwa kuwa maneno sasa yanamtoroka. Ndiyo maana tangu sasa kila mwezeshaji atakuwa na mwenzake anayejifunza kazi hiyo pembeni yake, bila kungoja hadi pengo litokee.

Kanuni hiyo inanihusu na mimi. Ajenda namba 5 ina pendekezo la kumruhusu makamu mwenyekiti kuchukua nafasi katikati ya muhula bila kuitisha mkutano mkuu mwingine. Nimekwisha kutia saini barua inayowaruhusu wajumbe wawili wa kamati, niliowachagua mwenyewe, waniambie siku ya kuachia kiti itakapofika, na nimeandika humo kwamba nikikataa siku hiyo, wasomewe wajumbe wote maneno niliyoyaandika nikiwa na fahamu zangu. Naomba mlipitishe.