Hapana mama, hatujakupunja simenti

Juzi mteja wetu wa matofali, wa Sahare hapa Tanga, alishuka kwenye bajaji na nusu tofali alilolifunga kwa kanga. Akaliweka mezani, unga ukamwagikia kitabu cha risiti. "Mwanangu, mimi nimelipa simenti. Sikulipa jivu."

Ni wa tatu mwaka huu, basi niandike.

Kweli, matofali yetu ya inchi sita yana majivu, na kwenye risiti tunaandika. Ila si jivu la jikoni. Ni majivu laini ya makaa ya mawe, yale yanayonaswa kwenye moshi wa tanuri kabla haujatoka nje. Katika kila kilo 50 tunazochanganya na mchanga, 40 ni saruji, 10 ni majivu. Saruji ikishika maji hutoa chokaa inayobaki humo bila kazi. Silika, madini yaliyomo kwenye majivu, huikamata chokaa ile ikawa gundi, tundu ndogondogo zikaziba, na chumvi ya bahari ikapata taabu kupenya. Kwa mtu anayejenga karibu na bahari, Sahare au Raskazoni, hilo si dogo.

Tatizo lake ni uvivu. Tofali la saruji tupu ukiligonga siku ya saba linalia. Letu siku hiyo bado bichi, linakuja kushika nguvu wiki ya nne na kuendelea. Mama aliyachukua siku ya tano. Tulimwambia asubiri, mwanawe akasema fundi yuko saiti analipwa kutwa, Fuso ikapakiwa. Yakapangwa juani, tone la maji hayakuona. Hapa yadi tunamwagilia asubuhi na jioni siku 14, tumeyafunika magunia ya katani. Kutwa ya fundi aliyoiokoa imemla matofali 60.

Kuna wengine wakisikia majivu wanajifanyia wenyewe. Mzee mmoja wa njia ya Pongwe alimwambia fundi wake apunguze ndoo ya simenti kwenye plasta, atie ndoo ya jivu la mkaa kutoka kwa mama ntilie. Jivu lile lina magadi na vipande vya mkaa vinavyokunywa maji. Niliupitisha mkono ukutani, kiganja kikatoka cheupe. Plasta ya vyumba vitatu ikabanduliwa yote. Na hata simenti aliyonunua hakuisoma: mfuko ukiandikwa CEM II/B, kiwandani wameshapunguza klinka, yale mawe ya kuchomwa yanayosagwa kuwa saruji, na kutia kitu kingine asilimia 21 hadi 35. Yeye akapunguza juu ya kilichopunguzwa. Sisi tunaanzia saruji ya daraja la nguvu 42.5 yenye klinka nyingi, ndiyo maana tuna pa kupunguzia.

"Sasa mbona bei yenu haishuki?" Haishuki kwa sababu majivu hayaji yenyewe. Yanasafirishwa, yanachekechwa, na kila mzigo mpya tunafyatua matofali ya majaribio tukayavunje kwa mashine kabla hatujauza hata moja. Mzigo wa mwezi wa pili ulikuja mweusi, umejaa mkaa usioungua. Tuliurudisha na nauli ikatutoka. Halafu yadi wanaotoa matofali 50 kwa mfuko mmoja hawatii majivu, wanatia mchanga. Hao hakuna anayewapelekea nusu tofali kwenye kanga.

Slabu na kolamu msituulize tutie kiasi gani. Huko apange mhandisi, na mirunda isitolewe kwa tarehe za zege la saruji tupu.

Mama nimembadilishia yale 60, ingawa mke wangu hakufurahi. Nimempeleka mama uani, nikamwonyesha mzigo wake mpya chini ya mwembe, tarehe 3 imeandikwa kwa chaki kwenye tofali la juu. Hautoki kabla ya tarehe 31, hata Fuso ije imewashwa.