Hita ya Gesi Inayozimika: Hesabu Sekunde Kwanza

Mhariri,

Ushauri mlioutoa kwenye ukurasa wa mambo ya nyumbani, kwamba hita ya gesi ya kupasha nyumba joto ikigoma kukaa na moto basi inunuliwe sensa mpya ya moto, ni kweli kwa hita fulani na ni hasara tupu kwa nyingine. Sensa ni kifaa kidogo, inafungwa kwa skrubu moja, ndiyo maana kila mtu hukimbilia hapo. Lakini hita huzimika kwa sababu nyingi, na karibu kila sababu ina saa yake ya kujitokeza. Mwenye nyumba akisimama mbele ya hita na kuhesabu moto umewaka kwa muda gani, tayari ameshajua nusu ya ugonjwa.

Hita za kisasa hazina moto mdogo wa kudumu. Themostati, yaani kidhibiti cha joto la nyumba, ikiita joto, feni ndogo ya kutoa moshi huanza kwanza, swichi ya mgandamizo wa hewa huhakikisha njia ya moshi iko wazi, kisha kiwashio hupata moto hadi kuwa chekundu, vali hufunguka na vichomeo hushika. Baada ya hapo bodi ya umeme inayoiongoza hita inataka ushahidi kwamba moto upo kweli. Isipoupata kwa sekunde chache, hufunga gesi. Kwa hiyo moto ukiwaka vizuri, wa bluu, halafu ukakatika kabla hujafika kumi kwa kuhesabu, bodi haijauona moto. Hapo ndipo habari za sensa zinapohusika, na hata hapo mara nyingi tatizo ni uchafu, sensa yenyewe ni nzima.

Sensa hiyo ni ufito wa chuma tu, umeshikwa na kauri. Haipimi joto, kama wengi wanavyodhani. Moto hupitisha umeme kidogo. Bodi hupeleka umeme kwenye ufito, nao hupita ndani ya moto hadi kwenye mwili wa kichomeo, na kwa kuwa kichomeo ni kikubwa kuliko ufito, umeme huelekea zaidi upande mmoja. Kinachorudi kwa bodi ni maikroampea (milioni moja za ampea) chache, mara nyingi kati ya 1 na 6. Utando mwembamba usioonekana vizuri kwa macho unatosha kuuzuia.

Kusafisha ni kazi ya dakika kumi. Zima umeme wa hita, funga vali ya gesi, chomoa waya, legeza skrubu, vuta ufito moja kwa moja bila kupinda, maana kauri ikipata ufa hata mdogo umeme utavujia hapo na sensa imekufa. Sugua chuma kwa sufi laini ya chuma mpaka king'ae, futa kwa kitambaa kikavu, usikishike tena kwa vidole. Msasa mlioutaja msiurudie kuuchapisha: unaacha mikwaruzo, na uchafu hushika upesi kwenye mikwaruzo.

Ufito ukiwa safi na moto bado unakatika, msomaji asikimbilie dukani. Kwanza atazame vichomeo kupitia kidirisha. Kwa kawaida kiwashio kiko mwisho mmoja wa safu na sensa iko mwisho mwingine. Moto unatakiwa kuruka kutoka kichomeo hadi kichomeo kupitia nyufa ndogo zinazoviunganisha. Kutu ikiziba ufa mmoja, vichomeo vya upande huu vitawaka na cha mwisho kitabaki kiza, na bodi itafunga gesi kwa haki kabisa. Hapo sensa mpya kumi hazitasaidia. Brashi ya waya itasaidia. Pili ni waya wa athi: umeme wa moto hurudi kupitia mwili wa hita, kwa hiyo athi iliyolegea au kutu pale vichomeo vinapofungwa huua ishara. Na baadhi ya bodi hukataa kuuona moto iwapo nyaya mbili za umeme, laivu na nyutro, zimegeuzwa, kosa linalopatikana zaidi baada ya mtu kubadilisha soketi au swichi ya hita. Fundi mwenye mita inayosoma maikroampea za DC huiunga kati ya waya na sensa, moto ukiwaka anasoma namba, na mjadala unaisha.

Hita za zamani zenye moto wa pailoti, yaani ule mdogo wa kudumu, ni habari nyingine. Hazina sensa ya aina hiyo. Zina themokapo, ambayo moto wa pailoti huipasha ikatoa milivolti 25 hadi 30 hivi inapopimwa ikiwa haijaunganishwa na vali, na umeme huo mdogo ndio unaoshikilia vali wazi. Ukiwasha pailoti na kubonyeza kitufe kwa sekunde 30 hadi 60, halafu ukiachia moto ukafa, angalia moto wenyewe kabla ya kuilaumu themokapo. Unatakiwa kuwa wa bluu na kuikumbatia ncha ya themokapo kwa kiasi cha sentimita moja ya juu. Ukiwa dhaifu, wa manjano, au unapita pembeni, tundu la pailoti limeziba. Lipulizwe kwa hewa. Lisichokonolewe kwa sindano, kwani tundu likipanuka moto hautarudi kuwa sawa. Moto ukiwa mzuri na milivolti ziko chini, badilisha themokapo. Nati yake hukazwa kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana, si zaidi. Milivolti zikiwa nzuri na vali bado inaachia, kilichochoka ni sumaku ya ndani ya vali, na vali nzima hubadilishwa.

Sasa ile inayowaka dakika tano, kumi, ndipo inazimika. Hii ndiyo inayowapotezea watu fedha, kwa sababu mara nyingi haina uhusiano na sensa. Tazama feni kubwa, inayosukuma hewa ya joto vyumbani: kama moto umekatika na feni bado inavuma, kisha baada ya muda hita inawaka tena yenyewe, swichi ya kikomo cha joto imefunguka kwa sababu hita imepata joto kupita kiasi. Hewa haipiti. Anza na filta, ambayo hubadilishwa kila mwezi mmoja hadi mitatu kulingana na unene wake na vumbi la nyumba. Fuata matundu ya hewa yaliyofungwa au kuzibwa na samani, kisha kapasita, kifaa kinachoisaidia mota ya feni kuzunguka.

Hita ambazo moshi wake hupoa hadi kutoa maji, zile zenye bomba la moshi la plastiki, huongeza ugonjwa wao. Mrija wa maji ukiziba, maji hupanda na swichi ya mgandamizo hufunguka. Wakati mwingine utasikia kama kuna kitu kinabubujika ndani kabla moto haujakatika. Ukaguzi ni huu: mrija wa maji, mpira mwembamba unaoingia kwenye swichi kama una ufa au maji ndani, na mdomo wa bomba nje kama kuna majani, theluji au kiota. Kuna mafundi ambao huunganisha waya mbili za swichi hiyo ili "ifanye kazi kwanza". Fundi wa namna hiyo asilipwe.

Hita inayozimika tu pale jiko au hita ya maji inapowaka inapungukiwa gesi, na hilo hupimwa kwa mita ya mgandamizo. Kwa hita nyingi za gesi asilia mgandamizo baada ya vali ni inchi 3.5 za maji (kipimo cha mgandamizo wa gesi), kwa propani karibu 10. Si kazi ya bisibisi ya mwenye nyumba.

Na kuna vitu viwili ambavyo havirekebishwi kwa kusafisha. Kitufe chekundu karibu na vichomeo kikiruka, moto umetoka nje ya mahali pake. Kukibonyeza na kuendelea ni kuficha hatari. Vilevile moto uliotulia ukianza kuyumba au kugeuka manjano pale tu feni kubwa inapoanza, kuna shaka ya ufa kwenye kibadilisha joto, chuma kinachotenga moto na hewa ya vyumbani, na kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, inaweza kuingia vyumbani. Hita izimwe, na king'ora cha gesi hiyo kiwepo karibu na vyumba vya kulala. Harufu ya gesi ikisikika, usiguse swichi yoyote. Toka na upige simu ukiwa nje.

Jambo la mwisho, ambalo makala yenu iliwaelekeza watu kinyume: msianze kwa kuzima umeme na kuwasha tena. Bodi ikishindwa mara tatu hadi tano hujifunga, nyingi kwa saa moja hivi, na taa yake ndogo hutoa mimweko kadhaa kueleza kosa. Maana ya idadi hiyo imebandikwa ndani ya mlango wa hita. Bodi nyingine hupoteza kumbukumbu hiyo umeme unapokatwa. Hesabuni mimweko kupitia kidirisha, iandikeni pamoja na sekunde au dakika ambazo moto ulidumu, ndipo mguse swichi.

Mafundi wa hita za gesi